Seti ya kujijengea jukiboksi kwa mradi wa shule: vitufe nimevipenda, adapta itupe

Wakuu habari zenu. Naona kila mara kuna mtu anauliza kama hizi seti za kujitengenezea jukiboksi ya kidijitali (mashine ya muziki ya watu wote, unabonyeza vitufe kuchagua wimbo) zinafaa, zile zinazokuja kwenye boksi moja na vitufe vya rangi rangi, spika mbili, kaskrini kadogo na kitabu cha maelekezo chenye picha ya mtoto anacheka. Sisi tulikua wanne, tumeijenga kama mradi wa shule, imetula wiki sita, na naandika nikiwa na hasira kidogo na raha kidogo kwahiyo mnivumilie nikirukaruka. Jina la muuzaji silitaji, na sidhani ata lina umuhimu sababu hizi seti zinafanana kama mapacha, wanabadilisha stika tu.

Kwa mwenye haraka: nyota 3 kati ya 5. Vitufe ni vizuri kuliko nlivyotegemea, skrini iko poa, bodi ndogo ya sauti iko poa pia. Adapta itupe siku iyo iyo unayofungua boksi. Memori kadi usiiwekee kitu unachokipenda. Na kile kitabu cha maelekezo, ukurasa wa 7, uchane kabisa, nakuja kueleza kwanini maana huo ukurasa ulitunyima usingizi siku mbili.

Kilichomo ni hiki: vitufe kumi vikubwa vya kubonyeza kama vile vya mashine za gemu, skrini ya mistari miwili yenye nafasi za herufi 16 kila mstari, bodi ndogo yenye chipu ya PCM5102A inayogeuza sauti ya kidijitali iwe sauti ya kwenda kwenye amplifaya, amplifaya yenyewe ya PAM8403 ambayo ni ndogo kama stempu, spika mbili za wati 3 omu 4, adapta, memori kadi iliyoandikwa GB 32, na fungu la nyaya. Kompyuta haimo! Na hili muuzaji kaliandika kwa maandishi madogo chini kabisa, kwahiyo ukinunua ukidhani unapata kila kitu utakua umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Bahati yetu shuleni kulikua na Raspberry Pi 3 imekaa kabatini inakula vumbi, tukaiomba tukapewa. Kwa wasiozijua, hizi bodi zilianza kutoka 2012, na waliozibuni kule Cambridge, Uingereza, walikua wanawaza hasa wanafunzi wapate kompyuta ya bei chee ya kujifunzia. Ina safu ya pini 40 pembeni ambazo unachomeka vitu vyako mwenyewe, vitufe, taa, skrini, chochote. Bodi sina kesi nayo kabisa.

Sasa kabla hatujachomeka ata waya mmoja, mwalimu wetu wa fizikia akatuuliza swali likatukaa kooni. Akasema, "Sawa wanangu, hii ina tofauti gani na simu iliyochomekwa kwenye spika?" Tukaangaliana. Mmoja wetu akajibu eti mwalimu hii itakua na taa. Mwalimu akacheka, akaenda zake, swali akatuachia.

Tukaenda kusoma. Kumbe hii kitu ni ya zamani sana, tarehe 23 Novemba 1889 jamaa mmoja anaitwa Louis Glass aliweka fonografu ya Edison, ile mashine ya zamani ya kupiga sauti iliyorekodiwa, kwenye baa San Francisco, unatumbukiza sarafu, unaweka mrija sikioni, unasikiliza. Mirija ilikua minne, spika hamna, na kuchagua hakuna, unasikiliza kilichowekwa. Alafu 1946 ikaja Wurlitzer 1015, ile yenye mirija ya mapovu yanayopanda pembeni, ndo ile mtu akisema jukiboksi picha inayokujia kichwani ni hiyo. Na unajua ilikua na nyimbo ngapi? 24. Basi. Simu yako ina elfu ngapi sijui, na bado unalalamika huna cha kusikiliza.

Hapo ndo jibu likatujia, tena tukiwa tunabishana nani ashike simu ya kupigia muziki wakati tunafanya kazi. Simu ina mwenyewe. Mwenye simu ndo DJ, akiboreka anakata wimbo wako katikati na huna la kufanya. Jukiboksi haina mwenyewe, ina foleni. Mi naweka wangu, we unaweka wako nyuma yangu, na wangu utaisha ndo wako uanze, uwe mkubwa uwe mdogo. Kuanzia siku iyo kila kitu kwenye mradi tukawa tunakipima hivo, je kinasaidia foleni au hakisaidii.

Na hapa ndo lalamiko langu kubwa kuhusu seti lilipo, kubwa kuliko ata adapta. Programu waliyoweka kwenye ile kadi HAINA FOLENI. Vitufe kumi, nyimbo kumi, ukibonyeza kitufe wimbo unaopiga unakatwa palepale unaanza ulioubonyeza. Jamani hiyo sio jukiboksi, hiyo ni kengele ya mlangoni yenye milio kumi. Weka watu wanne mbele yake utaona, hakuna wimbo utakaofika ata kwenye kiitikio, tulijaribu, ndani ya dakika mbili tulishaanza kusukumana.

Kwahiyo programu yao tukaitoa yote. Tukaweka Linux safi ya hiyo bodi, yani mfumo endeshi wake, tukaweka MPD ambayo ni programu ya muziki inayokaa kimya nyuma bila dirisha wala nini, inasubiri kuamrishwa tu, ongeza huu, piga, ruka. Ina orodha yake ya ndani na kuna hali ukiiwasha wimbo ukishapigwa unajifuta wenyewe, yani ni foleni tayari, imeshatengenezwa na watu, ni bure. Juu yake tukaandika programu fupi kwa lugha ya Python ya kusoma vitufe. Na vitufe kumi tukavigawa, vinne vikawa herufi A mpaka D, sita vikawa namba 1 mpaka 6. Unabonyeza herufi alafu namba, B3, D6, kama zile mashine za zamani. Nne mara sita ni 24! Vitufe vilevile kumi, badala ya nyimbo kumi unapata 24, sawasawa na ile ya 1946, na hatukupanga, ilitokea tu tukapiga kelele kama tumefunga goli. Kampuni ya Seeburg nao mwishoni mwa miaka ya 1940 walitoa ya chaguo 100, ukiwa na vitufe 20 hesabu inafika hapo, kumi mara kumi. Najiuliza mpaka leo kwanini aliyetengeneza hii seti hakuliona hili wakati vitufe ameweka kumi.

Kuna kitu hatukukiwaza mpaka tulipoona watu wanatumia. Mtu anabonyeza D, anasita, anaondoka. Anakuja mwingine anataka A3, anabonyeza A haraka haraka haikushika vizuri, anabonyeza 3, inaingia D3. Anaanza kugombana na mashine. Tukaweka sekunde tano, ukibonyeza herufi bila kufuatisha namba ndani ya sekunde tano herufi inafutika na skrini inaandika CHAGUA HERUFI. Mistari minne ya programu, ugomvi ukaisha.

Haya ukurasa wa 7. Huo ndo una mchoro wa kila kitufe kinaenda pini gani. Tukafuata kama ulivyo, waya kwa waya, mmoja anasoma mwingine anachomeka. Tukawasha muziki kwa kuamrisha kwa kibodi, sauti safi kabisa, tukashangilia. Tukawasha programu ya vitufe, kimya. Sio kwamba umesimama, skrini inaonyesha wimbo unaenda, sekunde zinahesabu, lakini spika kimya kama msibani. Tukazima programu ya vitufe, bado kimya. Tukazima bodi tukawasha upya, sauti ikarudi. Tukawasha vitufe, kimya tena.

Siku ya kwanza tulidhani ni spika. Tukabadilisha. Tukadhani ni amplifaya, tukaweka hedifoni moja kwa moja kwenye bodi ndogo ya sauti, kimya vilevile. Tukaweka upya Linux. Siku ya pili jioni mwenzetu mmoja, yule mkimya ambaye kazi yake ilikua kupiga rangi tu, akasema si tuzime kitufe kimoja kimoja kwenye programu, kila mara tuwashe bodi upya, tuone. Tukacheka ila hatukua na wazo lingine. A zima, kimya. B zima, kimya. C zima... muziki huo!!! Yani kitufe C. Tukaangalia mchoro, C kiko pini ya 12, na pini ya 12 kwenye hizi bodi ndo GPIO 18 (hizo namba za GPIO ndo majina ya pini ambayo programu inayatumia). Tukaangalia ile bodi ndogo ya sauti, ina nyaya tatu za kupokelea muziki, moja inaingia GPIO 18, nyingine 19, nyingine 21. Hiyo ya 18 ndo inayobeba mapigo ya saa, yale yanayoiambia chipu ya sauti lini isome kila biti. Sasa programu ikiamka inaiambia 18 "wewe kuanzia leo ni kitufe", mapigo yanakatika, chipu inabaki inasubiri saa isiyokuja. Waya wawili kwenye pini moja, na kitabu kimechora hivo hivo kwa rangi nzuri kabisa, ukurasa wa 7 kitufe, ukurasa wa 9 sauti, na hakuna aliyeweka kurasa hizo mbili pamoja. Na sisi pia tulipofika ukurasa wa 9 tukaona pini ina waya tayari, tukaunganisha juu yake tukasema si wamechora hivo.

Dawa: hamisha C kwenda GPIO 17 ambayo ni pini ya 11, jirani yake tu. Na kama unajenga yako, kuanzia 18 mpaka 21 usiguse kabisa waachie sauti, 2 na 3 waachie skrini, zilizobaki bado zinatosha vitufe mara mbili ya hivi. Mwalimu alivosikia hii stori akatupa alama za ziada eti kwa sababu tulitafuta kwa utaratibu. Utaratibu gani mwalimu, tulikua tumekata tamaa.

Vitufe vyenyewe sasa, hapa nasifia. Chini ya kila kimoja kuna swichi ndogo yenye miguu mitatu imeandikwa COM, NO na NC, na mlio wake ni ule wa tak! unaoridhisha, mtoto wa miaka mitano anakibonyeza kwa ngumi na hakiumii. Angalizo moja, mguu wa NC ndo ule ambao umeungana wakati hujabonyeza. Sisi vitufe viwili vya kwanza tulichomeka huko, tukiwasha mashine inadhani mtu kashikilia A na B tangu asubuhi. Tumia COM na NO. Na kingine, kipande cha chuma ndani kikigusana hakitulii mara moja, kinarukaruka kwa milisekunde chache na kompyuta ina macho, inahesabu kila mruko. Bonyezo moja, wimbo unaingia kwenye foleni mara tatu. Kwenye GPIO Zero, maktaba ya Python ya kusomea hizo pini, kuna sehemu ya kuweka muda wa kupuuza mitikisiko, tukaweka sekunde 0.05 ikatulia.

Skrini usiogope ukiiwasha ikakuonyesha mstari wa viboksi tupu au isionyeshe kitu. Tulikaribia kuirudisha. Nyuma yake kuna kiskrubu cha bluu, ukizungusha taratibu na bisibisi maandishi yanatokea, ni cha kukoleza maandishi tu. Herufi 16 ni chache, jina refu la wimbo inabidi litembee, na kuna herufi zenye alama juu haizijui inaandika takataka. Tukafupisha majina kwa mkono, nyimbo ni 24 tu kwani shingapi.

Sauti. Amplifaya ya kwanza tuliiua wenyewe, sikatai. Tulitaka kubana waya tukaunganisha upande wa hasi wa spika zote mbili uwe waya mmoja, kama unavyofanya kwenye vitu vingi. Kwa hii haifai. Kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili, ule unaouita hasi nao una umeme wake unaopanda na kushuka, ukiunganisha pamoja unazikutanisha njia mbili za chipu zipigane. Ikawa ya moto, ikatoa ile harufu, tukajua hatuna amplifaya. Kitabu hakisemi neno kuhusu hili, na kwa kitu kinachouzwa kwa wanafunzi ilitakiwa liandikwe kwa wino mwekundu. Tulinunua nyingine, ni vya bei ndogo, ila tulipoteza siku nne kuisubiri.

Spika zikiwa uchi juu ya meza zinalia kama nyuki kwenye chupa. Tukajua tumeliwa. Alafu mwenzetu akachukua kipande cha katoni kikubwa, akakata tundu la duara, akaishikilia spika kwenye tundu huku wimbo unaendelea. Wakuu, besi ilitokea kama mtu kaingia chumbani. Spika ile ile, sauti haijaongezwa ata kidogo. Mwalimu akaeleza kwamba spika ikisukuma hewa mbele inavuta nyuma, na kwa sauti nzito ile ya mbele inazunguka ukingo inakutana na ya nyuma zinafutana, katoni inazitenganisha. Tulirudia kuitoa na kuirudisha labda mara ishirini. Hii ndo sababu usihukumu spika za hii seti kabla hujazifungia kwenye boksi. Ukishazifungia kwenye plaiwudi nene, ukaziba nyufa kwa gundi, sio mbaya, zinatosha darasa. Ukumbi zisahau.

Kuhusu ile bodi ndogo ya sauti, unaweza kujiuliza ya nini wakati Raspberry Pi 3 ina tundu la hedifoni. Tundu lipo na linafanya kazi, ila linatengeneza sauti kwa kuwasha na kuzima pini haraka haraka alafu kuchuja, haikujengwa kwa ajili ya wapenda muziki. Bodi ya sauti inapokea namba zenyewe na kuzigeuza kwa chipu iliyosomea kazi hiyo. Masikio yetu yalisikia tofauti hasa kwenye sehemu za kimya. Na modeli kama Pi Zero na Pi 5 hazina hilo tundu kabisa, kwahiyo huko inakua lazima.

Adapta. Imeandikwa volti 5 ampea 2.5, ambayo ndo inayoshauriwa kwa Pi 3, karatasi haikosei. Shida ilianza tulipoweka wimbo wenye ngoma nzito, kila ngoma ikipigwa mashine inazima inawaka upya. Ngoma, giza, inaanza. Kwenye skrini kubwa tuliyokua tumechomeka kwa majaribio inatokea karadi ka njano kwenye kona, ile alama inamaanisha umeme umeshuka chini ya karibu volti 4.63. Tukachukua multimita tukapima kati ya pini ya 2 na ya 6. Bila muziki 4.9. Muziki ukianza 4.7. Ngoma ikipiga unaona namba inadondoka 4.5 alafu giza. Sababu ni mbili, adapta yenyewe dhaifu, na waya wake mwembamba kama uzi. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2 tu ukipitisha ampea 2 umeshakula volti 0.4 njiani, piga hesabu mwenyewe kinachofika. Tukanunua adapta ya maana yenye waya mnene mfupi kwa ajili ya bodi, na amplifaya tukaipa adapta yake peke yake, hasi zikaungana kupitia waya wa sauti. Kuzima kukaisha. Na ule mlio mwembamba wa ziiii uliokua unasikika wimbo ukiwa chini nao ukapungua sana, kumbe ulikua unatoka kwenye umeme walioshea.

Memori kadi imeandikwa 32 ila mwenzetu alipojaza maktaba yake yote ya nyimbo kwa kujaribu, zilizoingia baada ya GB 7 na kidogo zote zikawa mabubu. Faili unaliona, jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu. Kadi feki hizo zinadanganya ukubwa wake, unaandika inasema sawa sawa huku inatupa. Kwa matumizi yetu ilikua haina madhara sana sababu mp3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa dakika, nyimbo 24 za dakika nne nne hazifiki ata MB 100. Ila kadi ikidanganya kwenye hilo utaiamini kwenye lipi. Tulibadilisha. Na ukishamaliza kila kitu washa ile hali ya kufanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, sababu watu watachomoa waya ukutani bila kuzima vizuri, utake usitake, na ndo kadi nyingi zinavyokufa.

Nyimbo zenyewe tulirekodi za kwaya ya shule na za wenzetu wanaopiga gitaa, zingine tukachukua zile ambazo wenyewe wameziachia kwa leseni ya Creative Commons. Mwalimu alikomalia hilo, hakuna kuweka nyimbo za watu bila ruhusa kwenye mradi wa shule. Tabu yake ni kwamba rekodi ya simu iko chini na ya studio iko juu, kwahiyo unapandisha sauti kwa kwaya alafu wimbo unaofuata unawapasua masikio. MPD inaelewa ReplayGain, unazipima nyimbo mara moja zinaandikiwa kipimo ndani ya faili, basi zinatoka sawa. Usiruke hiyo hatua.

Siku ya maonyesho tuliweka kwenye korido. Ndani ya nusu saa dogo mmoja kagundua kwamba B4 ni wimbo wa darasa lao, kabonyeza B4 mara kumi na moja. Foleni yetu tuliyoisifia ikawa B4 B4 B4 B4, na kwa sababu tulisema hakuna kukata wimbo wa mtu, hatukua na kitufe cha kukata! Tukasimama pale tunasikiliza wimbo mmoja karibu dakika arobaini, walimu wanapita wanatuangalia. Usiku ule tukaongeza sharti, wimbo ulioko kwenye foleni hauingii tena mpaka upigwe, ukibonyeza skrini inakwambia UMO TAYARI. Dogo karudi kesho yake, kabonyeza, kasoma, kanuna, kaenda kuita wenzake wanne wabonyeze kwa niaba yake.

Muuzaji nilimwandikia kuhusu adapta na ukurasa wa 7. Kwa haki alijibu haraka, akanitumia adapta nyingine bure, ana lugha nzuri. Nimeipima jana na mzigo uleule, ngoma ikipiga inashuka 4.55. Na kitabu kipya kilichokuja nayo, chenye jalada jipya na mtoto mwingine anacheka, kitufe C bado kiko pini ya 12.